Ndugu yako anatoka Butimba? Maandalizi yaanze akiwa bado ndani

Naandika hii kwa wale wenye mtu ndani, iwe gereza la Butimba hapa Mwanza au jingine, kaka, mtoto, mume, shemeji, aliyefungwa kwa kosa ambalo hakumwaga damu ya mtu. Yaani gongo, kete za bangi, wizi wa kuku na mtungi wa gesi, nyavu haramu ziwani, utapeli wa simu, au mtu kapigwa faini hana hela kaenda kutumikia. Kama kosa lilikuwa la kumuumiza mtu, hasa mtoto au mtu wa humo humo nyumbani, hiyo ni habari nyingine kabisa na ya hapa usiyafuate, nenda kwa afisa ustawi wa jamii kwanza kabla hajarudi kulala nyumba moja na watu wale.

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku pande za Igoma na nina karakana ya useremala, kwa hiyo hawa vijana nawapata mara mbili, mara ya kwanza mama zao wakija kutafuta barua, mara ya pili wenyewe wakija kutafuta kibarua. Na nilichokiona ni kwamba watu wengi wanasubiri mtu atoke ndo waanze kuhangaika, hapo mmeshachelewa jamani. Wiki mbili tatu za mwanzo ndo zinaamua kama atabaki nje au atarudi, na hizo wiki zinaandaliwa yeye akiwa bado yuko kule anakula ugali wa serikali.

Anza na tarehe. Usicheke, familia kibao hazijui mtu wao anatoka lini. Hakimu akisema miaka mitatu watu wanahesabu mitatu kwenye kalenda wanasahau. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa mwenye nidhamu na anayefanya kazi punguzo la theluthi moja, kwa hiyo mvua tatu zinaweza kuwa mbili, miezi 18 ikawa 12. Ila punguzo hilo linaweza kukatwa akileta fujo ndani, ivo usipige hesabu zako kichwani ukaridhika, ukienda kumtembelea muulize mwenyewe, au waulize maafande kwa heshima, tarehe yake ipo kwenye kumbukumbu zao. Na kama alifungwa kwa kukosa faini ujue faini ikilipwa hata kama kifungo kimeshaanza mtu anatoka. Nimeona ukoo mzima unachangia harusi elfu hamsini hamsini huku kijana wao yuko ndani kwa faini ya laki mbili, na kwenye kikao cha harusi hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Alafu kuna msamaha wa Rais, huu ndo unakuta watu wamelala. Katiba inampa Rais mamlaka hayo kwenye ibara ya 45 na mara nyingi hutangazwa siku ya Muungano 26 Aprili au siku ya Uhuru 9 Desemba. Sisi wa Mwanza tunaikumbuka 2019, sherehe za Uhuru zilikuwa hapa hapa CCM Kirumba na Rais Magufuli akasimama akatangaza kuwasamehe wafungwa 5,533 nchi nzima. Kuna nyumba walisikia kwenye redio wakapiga vigelegele, mtu anabisha hodi hakuna godoro, hakuna aliyejua analala wapi, chumba chake kapangishwa mtu. Kwa hiyo mwenye kifungo kifupi au aliyebakiza kidogo, zikikaribia hizo siku mbili we jiandae tu, asipotoka hujapoteza kitu.

Ulizia pia anatoka kwa njia gani, maana sio wote wanatoka wakiwa huru moja kwa moja. Aliyemaliza kifungo kamaliza. Aliyetoka kwa parole, ile ya Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, bado anatumikia kifungo ila anakitumikia uraiani, ana masharti na ana wa kuripoti kwake, akiyavunja anarudishwa. Wapo pia ambao mahakama inawapa huduma kwa jamii badala ya jela, hii ni kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu, unamwona mtu anafagia zahanati au anapalilia shule na jioni analala kwake. Huyo wa parole na huyo wa huduma kwa jamii, kabla hujamwambia njoo tukusaidie kazi Geita au nenda kwa mjomba Ukerewe, asome kwanza masharti yake na aombe ruhusa. Mtu anaweza kurudishwa ndani kwa sababu tu kaka yake alimtafutia kazi nzuri mkoa mwingine na hakuna aliyeaga.

Sasa mtaa. Hapa ndo pa kupakazia macho, na ndo watu wanaparuka kwa aibu.

Wiki chache kabla hajatoka, mtu mzima wa familia, mama au baba au baba mdogo, aende kwa mwenyekiti wa mtaa. Asiende na maelezo mengi. Kuna mama alikuja ofisini kwetu akafanya vizuri sana mpaka leo wengine nawaelekeza wafanye kama yeye, alisema tu: "Shikamoo mwenyekiti. Yule mwanao aliyekuwa Butimba anatoka mwezi ujao. Nimekuja kukuambia mapema asije akaonekana usiku akaitiwa mwizi." Mwenyekiti akaitikia marahaba, akauliza atakaa wapi na atafanya nini, mama akajibu, wakamaliza. Dakika kumi hazikufika. Lakini angalia alichofanya, kamwambia mwenyekiti "mwanao", na mwenyekiti kalipokea, tangu siku hiyo yule kijana si wa mama peke yake tena.

Kutoka hapo mwenyekiti atawaambia walinzi. Huku Usukumani tumelindana kwa sungusungu tangu miaka ya 1980 mwanzoni, ilianza kwa wezi wa ng'ombe huko vijijini mpaka ikaingia mjini, na siku hizi hata kama mnaiita ulinzi shirikishi ni watu wale wale na filimbi zile zile. Mtu aliyefungwa kwa wizi akikutwa saa saba usiku anatoka chooni cha nje na walinzi hawana habari kama karudi, unajua kitakachotokea, watu wenye hasira huwa hawaulizi hati ya kuachiwa. Kwa hiyo kiongozi wa sungusungu ajue jina, ajue nyumba, na ikiwezekana kijana mwenyewe siku ya pili ya kutoka aende akamsalimie uso kwa uso, mchana, akiwa na mzee. Na kama zamu za ulinzi zinapangwa kwa kila kaya, yeye ndo aende kwa niaba ya nyumba yenu, ila muulize kiongozi kwanza, wapo wanaokubali mapema na wapo wanaosema tumuangalie kidogo. Wakisema subiri, subirini msigombane.

Nyumbani kwenyewe mkae kikao na ukweli wote uwe mezani. Atalala wapi. Nani anamlisha. Mke yupo au kashaondoka, na kama kaondoka nani atamwambia, maana kuna watu wanaficha mpaka mtu anafika mlangoni anakuta mkewe kaolewa Nyegezi na kiwanja chake kimeuzwa, siku hiyo hiyo anakwenda kulewa na mwezi hauishi yuko ndani tena. Mwambieni akiwa bado kule, kwenye kumtembelea, ambapo ana muda wa kulia na wenzake wa kumsikiliza. Kama kuna kiwanja au shamba limeuzwa bila yeye na anataka kudai, mwelekezeni kwa wasaidizi wa kisheria, wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure, na ajue kabisa baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu halitoi hukumu ya ardhi.

Siku ya kutoka mtu aende getini. Nasisitiza. Usimwachie apande daladala peke yake na mfuko wa rambo. Mwende asubuhi mapema, wa Ukerewe au Kwimba mlale mjini kwa ndugu usiku wa kuamkia, wa Sengerema nyie siku hizi daraja la Kigongo hadi Busisi lipo hamna kisingizio cha kivuko. Aende mtu mmoja au wawili wenye busara, sio kundi la washkaji na bajaji tatu na muziki, hao washkaji ndo wanaomchukua kumpongeza baa na pongezi zinaishia polisi. Mpelekee nguo, maana aliyoingia nayo inaweza isimtoshe au ishaoza. Kabla hamjaondoka ahakikishe ana karatasi yake ya kuachiwa na vitu vyake alivyoandikisha wakati anaingia, simu, saa, pochi, kitambulisho, visomwe kimoja kimoja. Ile karatasi pigeni fotokopi siku hiyo hiyo, halisi ikae kwa mama.

Nyumbani pikeni chakula cha kawaida kizuri, sato wa kuchemsha na ugali basi, sio sherehe. Mtashangaa vitu. Mama mmoja alinisimulia mwanae siku za kwanza alikuwa anakula amechuchumaa pembeni ya ukuta, mkono wa kushoto kauzungushia sahani, anamaliza kabla wenzie hawajanawa. Na akitaka kutoka nje anasimama mlangoni anasubiri kuambiwa toka. Alfajiri kabla jogoo hajawika yuko macho kakaa kitako, anasubiri kuhesabiwa. Msimcheke na msimwite watu waje kumuona. Mwambieni tu "toka baba, mlango wako huu", inaisha yenyewe taratibu. Wadogo zake wakimuuliza maswali ya kule muache aamue mwenyewe anajibu nini.

Ila wahenga walishasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, na hapa hakuna msamiati mwingine. Siku ya tatu awe na kazi ya nyumbani inayojulikana ni yake, kuchota maji, kupasua kuni, kurekebisha banda la kuku, kupeleka mtoto shule. Hata kama haina hela. Kule kila saa ilikuwa na filimbi yake, mtu anaamka anajua anafanya nini, ukimleta nje ukamwambia pumzika mwanangu umeteseka, unampa siku ndefu isiyo na kitu na kijiwe kipo mita hamsini.

Afya isisubiri. Magereza ni msongamano na TB inapenda msongamano. Wiki ya kwanza aende kituo cha afya cha serikali apimwe, hasa kama ana kikohozi cha wiki mbili au anatoka jasho usiku au kakonda, vipimo na dawa za TB ni bure. Kama alishaanza dozi kule ndani, dozi ya kawaida ni miezi sita na asiikatize hata siku moja, kabla ya kutoka aombe barua ya uhamisho wa matibabu ili aendelee huku, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hivyo hivyo, aulizie uhamisho wa kliniki yake mapema. Familia nyingi hawajui hilo, mtu anatoka na vidonge vya siku chache, vikiisha anaona aibu kwenda kujieleza upya. Upele mnaujua, hilo duka la dawa linatosha, na shuka zichemshwe.

Karatasi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndo mlango wa kila kitu siku hizi, bila hiyo hana laini, bila laini hana pesa ya simu, bila pesa ya simu hata kibarua kumlipa ni shida. Kama kitambulisho kimepotea aende polisi achukue losi ripoti kisha ofisi ya NIDA ya wilaya, kama hakuwahi kujiandikisha aanzie kwa mtendaji kupata barua ya utambulisho. Laini yake ya zamani usiitegemee, laini ikikaa miezi bila kutumika inafungwa na namba anaweza kuwa nayo mtu mwingine kabisa, ivo msimtumie hela kwenye namba ya zamani kabla hajaipiga. Asajili mpya kwa alama zake za vidole yeye mwenyewe. Asisajiliwe kwa jina la rafiki, na yeye asimsajilie mtu, hasa aliyefungwa kwa mambo ya utapeli wa simu, hilo kwake ni kama moto na petroli.

Tuje kwenye kazi, na hapa niseme ukweli wangu ambao wengine watanipinga. Watu wanakimbilia kumpa mtaji. Laki tatu, laki tano, kamfungulie genge, mnunulie pikipiki. Mtu ambaye hajashika hela mwaka mzima ukimpa laki tano wiki ya kwanza humsaidii, unamtega. Mpe kwanza mahali pa kwenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi na posho ndogo ya kila jioni. Mtaji utakuja mbele ya safari.

Mahali pa kuanzia hapa kwetu ni kwa mafundi, saiti za ujenzi, gereji, mashine za mbao, na mwaloni Kirumba kwenye kupakua, kubeba na kuanika dagaa. Ofisi rasmi na kampuni za ulinzi zinaweza kutaka cheti cha polisi cha kumbukumbu za uhalifu, asidanganye kwenye fomu, aelekeze nguvu kwingine kwanza. Ukienda kumuombea kazi kwa fundi usifiche alikotoka. Fundi akija kuambiwa na mtu baki utaharibu kwa huyu na kwa atakayefuata. Sema "fundi, huyu ni mdogo wangu, katoka Butimba, kosa lake lilikuwa hili, naomba umjaribu mwezi mmoja na mimi nipo hapa ukiona kitu nipigie". Mafundi wengi wanakubali wakiona kuna mtu nyuma yake.

Na nyie wenye karakana na mabanda, nawaambia ninavyofanya kwangu. Mwezi wa kwanza namlipa kila jioni, silimbikizi, kwa sababu mtu mwenye elfu saba mkononi leo hana sababu ya kuuza msasa wangu. Namuanzisha kwenye kupiga msasa na kupanga mbao, kazi ya kuonekana, sio stoo peke yake gizani. Jioni vifaa vinahesabiwa, randa, patasi, misumeno, dreli, kila kimoja kwenye msumari wake ukutani, vinahesabiwa mbele ya WOTE na kila siku, vilikuwa vinahesabiwa hata kabla yeye hajaja. Ukianza kuhesabu siku aliyokuja yeye umeshamwambia unamuonaje. Na kikipotea kitu, muulize kila mtu sawa sawa. Nimeshaona mahali patasi imepotea, wote wamemgeukia yule yule, kumbe iko chini ya maranda, kijana keshaondoka na hakurudi.

Wengi wanatoka na ujuzi ujue. Magereza wanafanya useremala, ushonaji, ujenzi, kilimo, kuna mtu anatoka anajua kujenga ukuta ulionyooka kuliko fundi wako wa mtaani ila hana cheti. VETA, wale wa vyuo vya ufundi vya serikali, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ujuzi nje ya darasa na kumpa cheti akifaulu, aende VETA ya hapa Mwanza akaulizie akishatulia kidogo na kibarua. Cheti kile hakisemi ulijifunzia wapi.

Bodaboda sikatai, ila sio mwezi wa kwanza. Pikipiki ya mkataba ina hesabu ya kila siku, mvua ikinyesha hesabu ipo, ikigoma hesabu ipo, mtu akizidiwa anaanza kubeba mizigo asiyoijua. Na hapo hapo kwenye hela, mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonga, ASIGUSE, wala mikopo ya kwenye simu. Ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, ni nzuri haina riba lakini ni ya vikundi, na kikundi kinataka watu wanaoaminiana, ivo aanze na kikoba kidogo cha mtaani cha elfu mbili mbili kwa wiki, watu wamuone anarejesha, baadae aende na wenzake kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kuna ushauri mmoja unapendwa sana huku ziwani, eti mpeleke kisiwani akavue, kule hakuna anayemjua. Siupendi kabisa kwa mtu aliyetoka juzi. Kazi ya dagaa inafanyika usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa vizuri, kambi nzima inakaa nchi kavu siku kadhaa na mgao wa hela mfukoni, na kambini kuna gongo, kuna kamari, kuna kila alichokikimbia. Hana mama pale wala mwenyekiti. Akishakaa nyumbani miezi kadhaa na akawa kweli ni mvuvi anayejua kazi, sawa, aende, lakini kwa tajiri anayejulikana na familia, na barua ya mtaa mkononi maana BMU wengi, yaani vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mwalo, wanataka kujua mgeni katoka wapi. Aliyefungwa kwa nyavu haramu kama timba au kokoro asirudi kwa tajiri yule yule mwenye nyavu zile zile, tajiri mara nyingi hakukamatwa, aliyekamatwa ni kibarua wake. Hilo mseme wazi kwenye kikao cha familia hata kama tajiri ni shemeji yenu.

Aliyeibiwa je? Kama kosa lilikuwa na mwenyewe, jirani, duka, mama ntilie, msijifanye kifungo kimefuta kila kitu. Kwa sheria kamaliza, kwa jirani bado. Hapa mtaani kijana aliwahi kubeba mtungi wa gesi wa mama ntilie akauuza. Alipotoka haikuchukua muda baba yake mdogo akamshika mkono wakaenda na mwenyekiti jioni mama akiwa anafunga biashara. Hakujitetea. Alisema "mama shikamoo, mimi ndo nilichukua mtungi wako, naomba unisamehe, nitakulipa elfu tano kila Jumamosi". Mama akamuangalia muda, hakujibu marahaba, akachukua daftari lake la madeni akaandika jina lake kama mteja mwingine tu aliyekopa ugali. Jumamosi ya kwanza alileta, ya pili alileta, ya tatu hakuwa na kibarua akaja kusema hana. Mama akamwambia basi nichotee maji madumu sita tutaandika. Marahaba ilikuja baadae sana, ila ilikuja. Msiahidi kulipa kikubwa kwa mkupuo mkashindwa, ahidini kidogo kinachowezekana, kiandikwe, na mwenyekiti awepo. Na aliyeibiwa akisema hataki kumuona, mheshimuni, pelekeni salamu kupitia mtu mwingine na mumuache na hasira yake, ni yake.

Na kitu ambacho hakuna ofisi itakuambia, mpelekeni msibani. Huku kwetu mtu ni wa nzengo, yaani wale majirani mnaochangiana na kuzikana, na nzengo inamhesabu mtu kwa misiba aliyohudhuria. Ukitokea msiba mtaani, awe wa kwanza kufika kufunga turubai, apasue kuni, ashike sururu kule makaburini, asikae na kundi la kamari nyuma ya nyumba. Asiongee sana. Watu watanong'ona yule si yule, alafu watamuona jasho linamtoka anachimba kaburi la baba wa mtu, kufika wa tatu au wa nne wanamwita kwa jina wanamwambia lete ile jembe. Mchango wake wa msiba, hata kama ni elfu moja, atoe kwa mkono wake mwenyewe na jina liandikwe kwenye daftari. Kanisani au msikitini pia ni pazuri lakini msimsimamishe mbele kutoa ushuhuda Jumapili ya kwanza, muacheni akae benchi la nyuma kama waumini wengine.

Marafiki wa zamani hamuwezi kuwafukuza kwa matusi. Kinachofanya kazi ni awe hana muda. Akitoka karakana saa kumi na mbili kachoka, ana daftari la mama ntilie la kulipa, ana zamu ya sungusungu Alhamisi, kijiwe kinamsubiri wiki mbili kinamsahau. Usiku kama anaanza kuchelewa kurudi msimfungie mlango akalale nje, muulizeni asubuhi, mtu mmoja tu anayemheshimu ndo amuulize, sio nyumba nzima. Na muda wake wa kuongea mumpe. Mwingine ataongea na bibi tu, au na dada, au na fundi wake wakiwa wanapiga msasa.

Atateleza? Wengine watateleza. Kalewa, kapigana maneno, kakosa kazi wiki nzima kanuna. Hilo si kurudia uhalifu, msilipigie simu ukoo mzima. Kutofautisha ni muhimu, kwa sababu familia zikishatangaza "huyu haponi" na yeye anaamini.

Ikitokea kakamatwa tena, kwa haki au kwa kusingiziwa, maana kila kitu kikipotea mtaani jina lake litakuwa la kwanza, msikae nyumbani kulaumu. Mtu mzima aende kituoni siku hiyo hiyo aulize anatuhumiwa nini na nani anapeleleza. Kwa makosa ya kawaida polisi wanatakiwa wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24 au wamwachie kwa dhamana, na dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini aende na kitambulisho cha taifa na barua ya serikali ya mtaa, na hii barua wengi wanakwama hapa kwa sababu kakamatwa Ijumaa jioni na ofisi imefungwa, ivo hifadhi namba ya mtendaji na ya mjumbe wako kwenye simu tangu leo. Kama alikuwa kazini siku ya tukio, fundi wake mwenye daftari la malipo ya kila jioni aende nalo kituoni. Mimi la kwangu lina tarehe, jina na sahihi, na lishawahi kunipeleka polisi kwa ajili ya kijana wangu mmoja, tukarudi naye jioni ile ile.